Kitochi au smatifoni, sikioni au laudi: ulinganisho kwa anayeogopa kansa ya simu

Watu wakianza kuongelea simu na kansa utasikia mmoja anasema ye ameachana na smatifoni karudi kwenye kitochi kwa sababu ya mionzi, mwingine kashabandika stika nyuma ya simu kaambiwa inakata mionzi, wa tatu anaongea kwa hedifoni tu, wa nne ana hasira na mnara waliojenga nyuma ya nyumba yake. Wote wanaogopa kitu kimoja ila wamechagua njia tofauti kabisa, na ukizipima hizo njia unakuta nyingine inasaidia kweli, nyingine haifanyi kitu, na nyingine inakuongezea kilekile unachokikimbia. Ndo maana nazipanga hapa ili mtu achague akijua anachagua nini.

Tuanze na hofu yenyewe kwanza, maana usipojua unaogopa nini huwezi kuchagua.

Simu inaongea na mnara kwa mawimbi ya redio, ni ndugu wa haya yanayoleta redio na tv nyumbani. Eksrei ina nguvu ya kuvunja DNA ndani ya seli na hapo ndo kansa inaweza kuanzia, na jua kali nalo linaharibu DNA ya ngozi. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja namna hiyo, kitu yanachojulikana kwa uhakika kufanya ni kupasha mwili joto kidogo sana. Na lile joto unalolisikia sikioni ukiongea muda mrefu, sehemu kubwa ni betri na simu yenyewe imechemka halafu umeigandamiza kwenye sikio, usije ukadhani ubongo unaiva.

Sasa mbona WHO, shirika la afya duniani, walisema simu ni hatari? Mwaka 2011 mwezi wa tano shirika lao la utafiti wa kansa, IARC, lililopo Lyon Ufaransa, liliwaita wanasayansi 31 kutoka nchi 14 wakakaa wakapitia tafiti zilizokuwepo, wakayaweka mawimbi haya kwenye kundi la 2B, maana yake "huenda yanasababisha kansa". Wengi walisoma kichwa cha habari wakaishia hapo. Makundi ya IARC yanapima ushahidi una nguvu kiasi gani, hayapimi kitu kinaua watu wangapi, na 2B ni sehemu ya vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo ila hawajaweza kuvifuta. Kwenye 2B hiyohiyo yumo aloe vera, ile ya jani zima, huu mshubiri watu wanaosaga na kunywa kama dawa. Juu yake, 2A, waliweka mwaka 2016 vinywaji vya moto sana vinavyozidi nyuzi 65, kwa sababu ya kansa ya koo la chakula, na hiyo kansa huku Afrika Mashariki ipo kweli kweli, uliza wauguzi. Halafu juu kabisa kundi la 1, vilivyothibitishwa, wapo sigara, pombe na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga. Mtu anayeitoa simu chumbani usiku kwa kuogopa kansa halafu asubuhi anakula ugali wa mahindi yaliyovunda amehangaika na kitu kidogo akaacha kikubwa, na mi hilo linaniuma kwa sababu hofu yake ni ya kweli, imeelekezwa pabaya tu.

Tafiti za watu zenyewe ziko hivi. Interphone, iliyotoka 2010, ilifanyika nchi 13, watumiaji wa simu kwa ujumla hawakuonekana kuwa na uvimbe wa ubongo zaidi ya wengine, ila lile kundi la waliosema wameongea sana kuliko wote, masaa 1640 na kuendelea, walionekana kuwa na glioma, aina moja ya uvimbe wa ubongo, kwa asilimia 40 zaidi. Hapo ndo hofu nyingi ilipotoka. Shida ni kwamba waliulizwa wakumbuke wenyewe miaka iliyopita waliongea kiasi gani na upande gani wa kichwa, na mtu mwenye uvimbe upande wa kulia ni rahisi kuamini simu alikuwa anaiweka kulia, na wengine walitaja masaa kwa siku ambayo hayaingii akilini. Denmark hawakumuuliza mtu, walichukua orodha ya wateja wa simu wakaiweka juu ya rejista ya kansa ya nchi, watu zaidi ya laki tatu na nusu, matokeo ya 2011 hayakuonyesha ongezeko. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 776,000, ripoti ya 2022, hamna tofauti kati ya wanaotumia simu na wasiotumia. Na 2024 WHO wenyewe waliagiza uchambuzi mpya, ukaongozwa na Ken Karipidis wa Australia, wakapitia tafiti 63, hawakuona uhusiano wa simu na kansa ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka 10 na zaidi.

Wale panya wa utafiti wa serikali ya Marekani nao wanatajwa sana, ripoti ya 2018. Ni kweli panya dume walipata uvimbe kwenye moyo. Lakini walipigwa mawimbi mwili mzima masaa 9 kwa siku kwa miaka 2, na cha ajabu waliopigwa waliishi muda mrefu kuliko ambao hawakupigwa. Huwezi kuchukua hiyo ukaibandika kwa mtu anayepiga simu dakika kumi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hatari haijathibitishwa, na kama ipo basi ni ndogo kiasi kwamba tafiti za watu laki kadhaa zimeshindwa kuiona. Na nchi kama Sweden, Norway, Finland na Denmark ambako watu wana simu tangu miaka ya 1990 kansa ya ubongo haijapanda kwa namna inayoendana na simu zilivyosambaa. Ila mtu akiniambia bado anataka kupunguza, simkatalii, kwa sababu kupunguza hakuna gharama. Gharama inakuja pale anapochagua vibaya.

Kitochi na smatifoni

Hapa ndo pana uongo mkubwa kuliko pote. Watu wanaona kitochi kidogo, hakina intaneti, kinakaa na chaji wiki nzima, wanasema hakina mionzi. Smatifoni kubwa, inachemka, ina kila kitu, basi ndo yenye mionzi. Ukweli umekaa kinyume chake, angalau kwenye kupiga simu.

Kitochi kingi ni cha 2G, yani kizazi cha pili cha mtandao wa simu, 3G na 4G vikafuata baadaye. Simu ya 2G kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kurusha mpaka wati 2, inarusha kwa vipande vifupi vifupi kwa hiyo wastani wake unashuka kwenye kama robo wati. Ya 4G mwisho wake ni kama wati 0.2. Ukiangalia hizo namba za mwisho utasema si zinafanana? Tofauti iko kwenye kujipunguza. Simu ya 3G au 4G inajirekebisha mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, inarusha nguvu inayotosha tu kumfikia mnara na si zaidi, wakati 2G inaanza na nguvu yote inapounganisha na ikipungua haishuki sana. Wale wale IARC wa 2011 waliandika kwamba simu ya 3G kwa wastani inatoa kama asilimia 1 tu ya kinachotolewa na simu ya 2G, netiweki ikiwa nzuri. Asilimia moja! Yani aliyetupa smatifoni akakimbilia kitochi kwa ajili ya mionzi amejiongezea.

Ila kuna mtego kwa wenye smatifoni. Binamu yangu ni dalali wa mahindi Kibaigwa, kazi yake ni simu kuanzia alfajiri, huyu anauliza bei, yule anauliza gari limefika wapi. Alinunua smatifoni nzuri tu ya 4G akajua kamaliza. Siku moja nimekaa naye nikamwambia kaka hebu piga simu halafu tuangalie hapo juu kwenye kioo. Kabla ya kupiga paliandikwa 4G. Alipobonyeza kupiga pakageuka E.

"Sasa hiyo E ndo nini?"

"Ndo 2G hiyo kaka. Ukipiga inashuka."

Alikuwa anaongea siku nzima kwa 2G na simu ya 4G mkononi. Hii inatokea kwa sababu 4G peke yake ni ya data, kupiga simu ya kawaida juu ya 4G kunahitaji kitu kinaitwa VoLTE, na lazima simu iwe nacho, laini iwe imekubali, na mnara wa eneo hilo uwe nacho. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya laini na mtandao, utaona pa kuwasha VoLTE kama simu yako inayo. Ukishawasha piga simu uangalie tena pale juu, ikibaki 4G umefanikiwa, ikienda H hiyo ni 3G na si mbaya, ikienda E umerudi kulekule. Njia nyingine ni kupiga kwa WhatsApp ukiwa na bando, maana hapo unatumia data.

Mwenye kitochi asikate tamaa, siku hizi vipo vitochi vya 4G, batani zilezile, betri ya kukaa, na bei ni ndogo kuliko smatifoni. Kama mzee wako hataki simu ya kupapasa, hicho ndo cha kumnunulia. Na kama atabaki na kitochi chake cha 2G anachopigia simu mbili kwa siku kuuliza hali za wajukuu, mwacheni jamani, dakika tano za 2G sio za kumtisha mzee.

Sikioni, laudi, waya au bluetooth

Umbali ndo kila kitu hapa. Nguvu ya mawimbi inashuka haraka sana ukiisogeza simu mbali, ukizidisha umbali mara mbili inabaki kama robo.

Simu sikioni ndo ya juu kuliko zote, wala hakuna mjadala. Laudi ukiwa umeiweka mezani au umeishika mbele ya uso inashusha sana, ubaya wake ni kwamba mambo yako ya ndani kila mtu kwenye daladala atayasikia, na sokoni husikii kitu. Hedifoni za waya zinashusha kinachofika kichwani mpaka chini ya asilimia 10 ya kile cha sikioni, hii nayo ni namba ya IARC, na ndo chaguo langu kwa mtu anayeongea masaa mengi. Ni bei rahisi, hazihitaji chaji, na mikono inabaki huru kuandika hesabu.

Bluetooth watu wanaiogopa kwa sababu haina waya na inaingia ndani ya sikio. Nguvu yake ni ndogo, za kawaida zinarusha kama milliwati 1 mpaka 2.5, ni kama mara 100 chini ya simu yenyewe. Kwa hiyo bluetooth dhidi ya simu sikioni, chukua bluetooth. Bluetooth dhidi ya waya, kwa upande wa kichwa waya uko mbele kidogo lakini tofauti yenyewe ni ndogo, angalia mfuko wako na masikio yako. Cha kuangalia kwenye zote mbili ni simu yenyewe iko wapi wakati unaongea, maana anayerusha kwenda kwenye mnara ni simu, sio hedifoni. Ukiwa umeichomeka kiunoni umehamisha kutoka kichwani kwenda nyonga. Iweke mezani au kwenye begi.

Voisi noti na meseji ziko chini ya zote. Unashika simu mbele, inarusha sekunde chache, basi.

Netiweki nzuri na netiweki mbovu

Hili watu hawalifikirii kabisa na linazidi hata aina ya simu. Vimistari vya netiweki vikiwa kimoja simu inapiga kelele kwa nguvu zake zote ili mnara uisikie, vikijaa inanong'ona. Ukiwa kijijini kwenye bonde, ndani ya basi linalokimbia, kwenye lifti au chumba cha chini ya ardhi, ndo wakati simu yako inarusha nguvu kubwa kuliko wakati wowote. Kama ni maongezi marefu toka nje, panda kilimani, au tumia laini nyingine yenye netiweki hapo. Na ukipiga usiibandike sikioni inapotafuta, subiri mtu apokee kwanza, hasa kwenye 2G kwa sababu ndo muda inaporusha nguvu zote.

Na hapa ndo nimjibu yule wa mnara. Mnara una nguvu kubwa kweli kuliko simu, ila uko mbali na unarusha kwenda mbele zaidi kuliko chini miguuni pake, kwa hiyo kinachokufikia wewe nyumbani ni kidogo sana kuliko simu yako mwenyewe ikiwa sikioni. Halafu mnara ukiwa karibu simu yako inapunguza nguvu. Mtaa ukikataa mnara, kila mtu pale anaishia na kimstari kimoja na simu inayojikamua kwenye sikio lake. Kama ugomvi wako na mnara ni kelele za jenereta au kiwanja walichokupora huo ni ugomvi mwingine na una haki ya kuupigania, ila kwa upande wa mawimbi mi ningechagua kuwa na mnara.

Stika

Usinunue. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu hapa ndo watu wanapoteza hela. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, imeshaonya miaka mingi kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kuwa hizi stika na vifuniko vinapunguza chochote, na ile inayobandikwa sehemu ya kusikilizia tu haina maana kwa sababu simu inarusha kutoka mwili wake mzima. Kibaya zaidi, kitu kikifanikiwa kweli kuziba antena, simu itaona netiweki imepungua na itaongeza nguvu. Mama mdogo wangu ni wakala wa pesa, aliuziwa mbili, moja ya kila simu. Nilimwambia shikamoo mama mdogo, hiyo hela ungenunua hedifoni ya waya ungebaki na chenji. Akaniuliza, "Kwa hiyo nibandue?" Bandua mama, ila kama imegandia iache, haitakuua.

SAR

Kwenye simu nyingi ukipiga *#07# itakuletea namba za SAR, ni kipimo cha nguvu inayoingia mwilini. Ulaya mwisho kwa kichwa ni wati 2 kwa kilo, Marekani 1.6, na wanapima kwa njia tofauti kwa hiyo usizilinganishe moja kwa moja. Watu wanachagua simu kwa hii namba lakini haisaidii sana, kwa sababu inapimwa simu ikiwa kwenye nguvu yake ya juu, na wewe mitaani simu yako haiko hapo muda mwingi. Yenye 0.6 kwenye netiweki mbovu inaweza kukupa zaidi ya yenye 1.2 kwenye netiweki iliyojaa. Faida ya kweli ya SAR ni kwamba inawapa mamlaka kitu cha kushika, mfano Ufaransa Septemba 2023 walisimamisha kuuza iPhone 12 baada ya kupima ikashikwa mkononi ikatoa 5.74 wakati kikomo cha mkononi ni 4, na Apple wakatoa apdeti ya kurekebisha. Simu feki isiyopimwa na mtu yeyote ndo ya kuikimbia.

Sidiria, pindo la kanga, au pochi

Kina mama wengi simu inakaa kwenye sidiria, sokoni hakuna mahali pengine salama, naelewa. Hakuna ushahidi kwamba inaleta kansa ya matiti. Ikiwa imetulia tu simu inarusha kwa sekunde chache mara moja moja kujitambulisha kwa mnara. Lakini watengenezaji wenyewe wakipima simu kwa mwilini huwa wanaacha nafasi ya milimita kadhaa, na sidiria haina nafasi hiyo, halafu kuna jasho na betri ya moto. Kwa hiyo chagua kipochi cha kamba kiunoni juu ya nguo. Na kansa ya matiti ipo, kwa hiyo mama anayeogopa simu ya kifuani ajipapase kila mwezi na akiona uvimbe aende hospitali mapema, hilo ndo linaokoa.

Bodaboda

Simu kuichomeka ndani ya helmeti ikabana kati ya shavu na sponji ndo chaguo baya kuliko yote niliyotaja, na sababu sio kansa. WHO wanasema dereva anayetumia simu ana uwezekano kama mara 4 zaidi wa kupata ajali, na hedifoni haileti nafuu kubwa kwa sababu kinachopotea ni akili kuwa barabarani. Hapa simama pembeni upokee.

Mtoto

Kwa mtoto mi nakuwa mkali zaidi. IARC waliandika kwamba ubongo wa mtoto unapokea kwa wastani mara 2 ya mtu mzima simu ikiwa sikioni, na uboho wa fuvu mpaka mara 10, kwa sababu fuvu ni jembamba na simu iko karibu zaidi na ubongo. Utafiti wa MOBI-Kids wa nchi 14, uliotoka 2021 na ukachukua vijana wa miaka 10 hadi 24, haukuona uhusiano na uvimbe wa ubongo, na hiyo ni habari njema. Lakini mtoto ana miaka mingi ya simu mbele yake kuliko mimi na wewe, na kumpunguzia ni rahisi: akiongea na bibi iwe laudi, simu mezani, na kama ni katuni mpakulie kwanza halafu uweke simu kwenye hali ya ndege na uhakikishe Wi-Fi na bluetooth navyo vimezimwa, hapo simu hairushi kitu na bando lako haliliwi.